Pampu, mtungi au kompresa: chagua hewa kabla ya kuchagua bunduki ya PCP

Ukitangaza kwamba unataka bunduki ya upepo ya PCP, yaani ile inayojazwa hewa ya presha kubwa kwanza ndipo ipige, kila mtu ana jina la kukutajia. Mmoja atasema Air Arms, mwingine Weihrauch, wa tatu ataapa kwamba bila Daystate hujanunua kitu. Zote ni bunduki nzuri. Ila baada ya miezi michache jina lililochongwa ubavuni halitaamua kama bunduki inatoka kabatini kila Jumapili au inalala huku geji ikisoma sifuri. Hewa ndiyo itakayoamua: unaitoa wapi, ni kavu kiasi gani, na sili, kile kizibo cha kuzuia hewa isivuje, ikichoka unaibadilisha mwenyewe mezani au unamngojea fundi wiki tatu.

Mifano yangu mingi ni ya Uingereza kwa sababu mchezo huu umekomaa huko. Mashindano ya Field Target, ya kuangusha shabaha za chuma vichakani, yalianzia huko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Msomaji aliyeko Leicester au Reading pia ana duka la bunduki na klabu ya kulenga shabaha mahali asipohitaji kulala njiani kufika.

Sheria, kwa haraka

England na Wales, bunduki ndefu ya upepo yenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12, sawa na jouli 16.27, haihitaji leseni. Unatakiwa uwe umetimiza miaka 18, na muuzaji akukabidhi mkononi, uso kwa uso. Ikivuka kiwango hicho inahitaji cheti cha polisi, na kuwa nayo bila cheti ni kosa la jinai. Scotland wanataka cheti hata kwa zile zilizo chini ya kiwango, tangu tarehe 31 Desemba 2016. Ireland ya Kaskazini mpaka uko kwenye jouli 1. Ujerumani, ya kununua bila leseni lazima iwe na alama ya F ndani ya pembetano na isizidi jouli 7.5. Kama una ndoto ya kuipeleka Mombasa au Dar es Salaam, usiifunge kwenye mzigo kabla hujapata jibu la maandishi kutoka kwa polisi wa leseni za silaha. Usitegemee maneno "ya upepo tu" yakutetee forodhani.

Springi au hewa iliyohifadhiwa?

Swali hili lisikuchukulie muda. Bunduki ya springi, mfano Weihrauch HW97 au Air Arms TX200, haidai kitu chochote cha nje. Unavuta mkono, springi inabanwa, unafyatua, pistoni inakimbia mbele na kubana hewa kwa mpigo mmoja. Unaweza kuikuta darini baada ya miaka mingi na bado ikapiga. Lakini pistoni inapokimbia, bunduki nzima inaruka kabla peleti, ile risasi yake ndogo, haijatoka mtutuni, kwa hiyo jinsi unavyoishika inabadilisha mahali inapopiga. Kwa mtu anayependa kufungua vitu kuna tatizo jingine: springi kuu inakaa imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokiwa. Ukiifungua bila kifaa maalumu cha kuizuia, inaweza kukurukia usoni.

Kwenye PCP, hewa ya bar 190 au 200 inasubiri ndani ya mtungi mdogo chini ya mtutu. Nyundo inagonga valvu, valvu inapumua kidogo, peleti inaondoka. Mtikisiko karibu haupo. Ukishatoa hewa yote, kilichobaki ndani ni vispringi vidogo, skrubu na oringi, yaani pete za kuzuia hewa isivuje, za bei ya kutupwa. Kwa anayetaka kujifunza matunzo, mimi naichagua PCP bila kusita, nikijua kwamba nitakuwa mtumwa wa hewa. Basi tuupime utumwa huo.

Hewa: njia tatu

Tuchukue mfano mmoja tuutumie kote. Mtungi wa bunduki una ujazo wa sentimita za ujazo 150, na unaujaza kutoka bar 120 hadi 190. Tofauti ni bar 70, na bar 1 ni takriban presha ya hewa inayotuzunguka, kwa hiyo umeingiza lita 0.15 mara 70, takriban lita 10.5 za hewa ya kawaida ya chumbani. Namba hiyo itarudi mara kadhaa.

*Pampu ya mkono.* Inafanana na ya baiskeli lakini ina hatua tatu za kubana hewa. Mashuhuri Uingereza ni ya Hill, inayotengenezwa Sheffield. Kwa mtungi wetu wa mfano si ajabu kuhitaji mipigo 70 au 80. Mwanzoni ni mazoezi mepesi. Ikivuka bar 150 mikono peke yake haitoshi, unashuka juu yake na uzito wa mwili wote, na mtu mwembamba atataabika kweli. Ukichoka, wakumbuke wanajeshi wa Austria waliopewa bunduki ya upepo ya Girardoni karibu mwaka 1780: chupa moja ya hewa ilihitaji mipigo ipatayo 1,500.

Jasho hukauka, unyevu unaobaki ndani ni habari nyingine. Hewa ya nyuzi joto 20 yenye unyevu wa asilimia 60 ina gramu 10 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ukiibana hadi bar 190, mvuke unakosa pa kukaa na unageuka maji. Lita zetu 10.5 zina kama sehemu ya kumi ya gramu. Unaweza kucheka, lakini jaza mara 100 na umepitisha gramu 10 za maji, yaani vijiko viwili vya chai. Mengi hutemwa na pampu kila unapoachia hewa. Yanayoponyoka yanakaa kwenye mtungi wa chuma na kuanzisha kutu pasipoonekana. Aliye Pwani azidishe mara mbili na ushei, maana hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24 katika mita hiyohiyo.

Kwa hiyo mwenye pampu ana wajibu wa aina mbili. Kwanza, apige kwa dakika chache, aache ipoe, aendelee: joto ndilo linaloua sili ya hatua ya mwisho, na kupumzika ndiko kunakoipa pampu nafasi ya kutema maji. Pili, kama pampu ina kichujio cha chembe za kukaushia hewa, zibadilishwe au zikaushwe zinapobadilika rangi, zisiachwe mpaka ziwe uji.

*Mtungi.* Hii ni mitungi ileile ya wapiga mbizi. Wa chuma wa lita 12 na bar 232 unapatikana mtumba kwa urahisi. Wa lita 7 na bar 300 ni ghali zaidi. Kwa macho, wa lita 12 ndio mkubwa, na wengi hununua kwa macho. Fanya hesabu uone. Hewa inayokufaa ni ile tu iliyo juu ya presha unayotaka bunduki ifike. Wa lita 12 una bar 42 juu ya 190, ambazo ni lita 504. Wa lita 7 una bar 110 juu ya 190, ambazo ni lita 770. Kwa hesabu ya shule, wa kwanza utaijaza bunduki yetu kikamilifu mara 48 na wa pili mara 73. Kwa kweli hewa ikikaribia bar 300 inakataa kubanika kama hesabu ya shule inavyodai, kwa hiyo tarajia kama mara 45 na mara 60. Bado mdogo unamshinda mkubwa, tena ni mwepesi kuupandisha ngazi. Wa lita 3 wa bar 300, ambao watu huubeba begani kwenda klabu, utakupa zaidi kidogo ya mara 25.

Uzuri mkubwa wa mtungi ni ubora wa hewa. Duka la wapiga mbizi linajaza hewa ya kupumulia ya kiwango cha EN 12021, na hewa hiyo lazima iwe kavu na isiyo na mafuta. Kutu unayoiogopa kwenye pampu unaisahau. Unachodaiwa ni kipimo cha mtungi kila baada ya miaka 5, na duka litaukataa ukiwa umepitwa na tarehe hata siku moja. Usiupake rangi juu ya mihuri iliyogongwa shingoni, usiuache ukauke kabisa hadi sifuri, na usiulaze ndani ya gari bila kuufunga. Oksijeni haiingii kwenye bunduki hata kwa utani: oksijeni ya presha ikikutana na tone la grisi, inalipuka.

Wakati wa kujaza, fungua bomba la mtungi polepole mno. Bar 300 upande mmoja na bunduki ya bar 200 upande wa pili ni hesabu isiyotaka haraka. Ukijaza kwa pupa hewa inapata joto, geji inasoma 190, kisha bunduki ikipoa unakuta 175. Ukizidisha kiasi unapata kioja kingine: valvu inabanwa na presha kiasi kwamba nyundo haiwezi kuifungua, na bunduki iliyojaa hewa inabaki bubu. Ukimaliza, toa hewa iliyobaki kwenye mpira wa kujazia kwa skrubu yake ndipo uchomoe. Mpira wenye bar 190 ukiuchomoa kwa nguvu unaruka kama nyoka.

*Kompresa.* Miaka ya karibuni zimejaa sokoni kompresa ndogo za bar 300 kutoka China. Ziko za volti 12, ndogo kama sanduku la zana, zinazojaza bunduki moja kwa moja na kuishia hapo. Ukiilazimisha ya aina hiyo kujaza mtungi wa lita 7, unainunulia kaburi. Ziko kubwa zaidi, za umeme wa ukutani, zinazopozwa kwa maji ya ndoo, zenye uwezo wa kujaza mtungi kama una subira na majirani wema.

Mwenye kompresa amehamisha duka la hewa hadi gereji yake, na pamoja nalo amehamisha kazi zote za duka: kubadilisha mafuta, kuangalia pete za pistoni, kufungua bomba la maji kila dakika chache, kuitazama joto. Ile hesabu ya unyevu inarudi ikiwa na meno. Kupandisha mtungi wa lita 7 kutoka 190 hadi 300 ni lita 770 kwa hesabu yetu ya shule, gramu 8 hivi za maji kwa mkupuo mmoja. Bila kichujio cha maana baada yake, chenye chembe za kunyonya unyevu na mkaa wa kunyonya mvuke wa mafuta, kompresa ni mashine ya kuteka maji. Hewa yake pia isiwe ya kupumulia, hata mtungi wenyewe ukiwa ulikuwa wa mpiga mbizi.

Kwa anayetaka kuona kwa jicho moja:

| | Pampu | Mtungi | Kompresa |
|---|---|---|---|
| Gharama ya kuanza | Ndogo | Ya kati | Kubwa, hasa ukihesabu kichujio |
| Gharama inayoendelea | Sili, na jasho | Kujaziwa dukani. Kipimo kila miaka 5 | Mafuta, pete, vichujio, umeme |
| Ukavu wa hewa | Wa mashaka | Mzuri | Kadiri ya kichujio chako |
| Kinachokufa kwanza | Sili ya hatua ya mwisho | Oringi za mpira wa kujazia | Sili za silinda ya presha ya juu |

Hukumu yangu: kama kuna duka linalojaza mitungi ndani ya nusu saa kutoka kwako, nunua mtungi wa lita 7 wa bar 300 na uache kusoma mabishano. Pampu inamfaa mwenye bunduki moja yenye mtungi mdogo, anayepiga mara moja kwa wiki, au anayetaka akiba ya dharura. Kompresa ni ya mtu mwenye bunduki mbili tatu aliye mbali na duka, na anayefurahia kutunza mashine kuliko kupiga. Watu hao wapo, na si wachache.

Yenye regulata au isiyo nayo?

Hapa ndipo bunduki zenyewe zinapoanza kutofautiana kwa maana, na hapa ningependa ukae kidogo.

Bunduki isiyo na regulata, yaani kidhibiti cha presha, kama Air Arms S400 ya kawaida, inaipa valvu presha yoyote iliyomo mtungini. Mtungi ukiwa umejaa, presha inaibana valvu na nyundo inaifungua kidogo tu. Presha ikishuka, valvu inafunguka kwa muda mrefu zaidi lakini hewa inayopita ni dhaifu. Mambo hayo mawili yanavutana, na katikati kuna kipindi ambacho kasi inakaa karibu palepale. Ukichora kasi ya kila risasi kwenye karatasi unapata kilima: inapanda taratibu, inatambaa kileleni, kisha inaporomoka.

Kazi ya mwenye bunduki hiyo ni kukijua kilele chake. Unajaza kwa kiwango cha kiwandani, unapiga juu ya kronografu, kile kifaa cha kupimia kasi, na unaandika presha kila baada ya risasi kumi. Mara nyingi unagundua kwamba bunduki haiipendi kabisa ile bar 190 iliyoandikwa kitabuni. Inataka kuanzia 175 na kuachia kwenye 110. Ni ugunduzi wa bure, na angalia unavyoubadilisha mtungi wako wa kujazia: sasa hewa inayokufaa inaanzia 175, kwa hiyo mtungi uleule unajaza mara nyingi zaidi.

Je, tofauti ya kasi ina uzito gani? Tuseme peleti ya JSB Exact ya milimita 4.5, yenye gramu 0.547, inatoka kwa mita 238 kwa sekunde. Ikitofautiana kwa mita 6 kati ya risasi na risasi, kwenye umbali wa mita 45 inapishana wima kwa kama sentimita moja. Kwa kopo la soda haina habari. Kwa shabaha ya Field Target, ambayo tundu lake kubwa ni milimita 40 au 45 na dogo milimita 15, sentimita moja ni kupata au kukosa.

Bunduki yenye regulata, mfano Weihrauch HW100 na magazini yake ya risasi 14, inaweka mlinzi kati ya mtungi na valvu. Ndani ya mlinzi huyo kuna pistoni ndogo inayosukumwa na springi za sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hewa ikifika presha iliyopangwa, tuseme bar 110, pistoni inaziba njia. Valvu haijui kama mtungi una 200 au 130. Kilima kinakuwa meza, hadi mtungi unaposhuka chini ya kiwango cha regulata, na hapo kasi inaanguka ghafla.

Je, wote wanunue yenye regulata? Kwa mashindano, naam. Kwa kujifunza matunzo, nasita, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba regulata ni kitu kingine cha kuugua, na ugonjwa wake ni wa kificho. Chembe ya uchafu ikikaa pale pistoni inapoziba, hewa inapenya polepole usiku kucha. Asubuhi risasi ya kwanza inatoka na kasi ya ajabu, ya pili na ya tatu ziko sawa, na wewe unailaumu peleti. Kipimo chake ni rahisi: iache bunduki imejaa usiku mzima, kisha asubuhi piga risasi tano juu ya kronografu na uilinganishe ya kwanza na nyingine.

Ya pili ni usalama, na wanaoitaja ni wachache mno. Bunduki yenye regulata ina vyumba viwili vya hewa. Unaweza kuutoa mtungi, ukaona geji imelala sifuri, na bado kati ya regulata na valvu pamebaki bar 110. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, elekeza mtutu mahali salama, hakikisha hakuna peleti, kisha koki na ufyatue mpaka usikie imekauka kabisa. Isiyo na regulata ina chumba kimoja, na geji yake haikufichi kitu.

Kuna njia ya katikati: kununua S400 ya mtumba na kuiongezea regulata ya Huma-Air ya Uholanzi, Altaros ya Ucheki, au ya mafundi wa Uingereza wenyewe. Inafanya kazi. Ila regulata inakula sehemu ya ujazo wa mtungi, na uwiano wa nyundo na valvu unabadilika, kwa hiyo nguvu ya bunduki lazima ipimwe upya kutoka mwanzo kabla haijatoka nje ya nyumba. Mimi ningekaa msimu mzima na kilima kwanza. Anayekijua kilima cha bunduki yake anajua pia kama anahitaji meza.

Cha kufanya mezani, na cha kumwachia fundi

Malalamiko ya kwanza ya kila mgeni ni "inavuja". Kabla ya kuifungua, angalia kipimajoto. Hewa ya bar 200 iliyojazwa kwenye nyuzi 25, ikipelekwa gereji yenye nyuzi 5, inasoma kama 187. Zimepotea bar 13 bila tundu lolote, na ukiirudisha sebuleni zinarudi. Kama kweli inavuja, maji ya sabuni na brashi laini yatakuonyesha povu linapotoka.

Oringi nyingi ni za mpira wa naitraili, na Uingereza zinauzwa kwa namba za BS, yaani za viwango vya Uingereza. Ukiwa na orodha ya namba za bunduki yako, seti nzima ni bei ya chakula cha mchana. Itoe ya zamani kwa kijiti cha plastiki au cha meno, usitumie sindano ya chuma. Mkwaruzo mmoja kwenye mfereji wa oringi utavuja hata ukiweka mpya kila siku. Paka grisi safi ya silikoni, kidogo kiasi cha kung'aa. Mafuta ya injini, WD-40 na jamii nzima ya petroli vikae mbali na njia ya hewa. Kwenye presha hiyo mvuke wa mafuta unaweza kuwaka wenyewe, kwa kanuni ileile inayowasha injini ya dizeli.

Oringi ya nyuma ya mtutu, za kijiti cha kujazia (kile kinachochomekwa kwenye bunduki wakati wa kujaza), za mpira wa kujazia, kusafisha mtutu, kufungua kitako: hizo ni zako. Kiti cha valvu kilichochakaa, kupanga presha ya regulata, na kitu chochote kinachogusa nyuzi za skrubu za mtungi au ukuta wake, mpelekee fundi. Mtungi wenye kutu ndani au mkunjo nje haurekebishwi, unatupwa. Kwenye bunduki za mita 10 za mashindano, zile za Olimpiki, mitungi ina tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka 10, na ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, inamwachia mpigaji mwenyewe wajibu wa kuhakikisha haijapita.

Kuipamba na kuiboresha: pesa iende wapi?

Peleti kwanza. Nunua makopo manne matano tofauti, ya JSB na ya H&N ya Ujerumani, yenye vipimo tofauti vya kichwa, 4.50, 4.51, 4.52, na uiache bunduki ichague. Mara nyingi tofauti unayoipata hapo inazidi ya mtutu mpya.

Pili, kitako. Chenye shavu linalopanda na kushuka kinakuwezesha kuweka jicho mahali palepale nyuma ya darubini, na ukishazoea huwezi kurudi nyuma. Triga ni ya tatu: punguza uzito kidogo kidogo, na kila ukipunguza, koki bunduki tupu na uigonge kwa kiganja, ikijifyatua, umevuka mpaka. Mtutu mpya wa Lothar Walther ni mzuri sana na ni wa mwisho kwenye orodha yangu, kwa sababu anayeuhitaji kweli huwa tayari anajua anauhitaji.

Nguvu iache ilivyo. Ile peleti ya gramu 0.547 ikikaribia mita 244 kwa sekunde iko kwenye jouli 16.27, mpakani kabisa. Kwenye 238 una jouli 15.5, na nafasi iliyobaki ina kazi yake: PCP kwa kawaida hutoa nguvu zaidi ukiweka peleti nzito, kwa hiyo bunduki iliyo halali kwa gramu 0.547 inaweza kuwa si halali kwa gramu 0.67. Polisi wakiipima, peleti watachagua wao. Pima na nzito kuliko zote unazomiliki, na upime tena kila unapogusa nyundo, valvu au regulata. Kiwanda kikiwa kimeweka kizuizi kwenye skrubu ya nguvu, kiheshimu.

Ukienda kununua mtumba

Ufike na kronografu, au mkutane klabu yenye nayo. Muombe muuzaji aijaze jana yake na aandike presha na saa. Angalia kijiti cha kujazia na tundu lake kama vina kutu. Tundu lenye kutu ni barua kutoka ndani ya mtungi. Muulize alijaza kwa kutumia nini: aliyetumia mtungi wa duka la wapiga mbizi amekuuzia bunduki kavu, na aliyetumia pampu bila kichujio kwa miaka sita amekuuzia bahati nasibu. Piga risasi kumi juu ya kronografu, ya kwanza uipige kabla bunduki haijachezewa siku hiyo, ili regulata mbovu ijitaje. Muuzaji akikataa mojawapo ya haya, mwachie bunduki yake. S400 na HW100 za mtumba hazikosekani sokoni.